Sura Niliyoiruka

Mwanangu Zuhura,

Umetoka sasa hivi kwenda Mtawanya kumuaga shangazi yako. Namjua wifi yangu, hatakuachia kabla hujala, kwa hiyo nina muda mpaka magharibi. Nimekaa kwenye meza yangu ya kuchapia, ila mashine nimeisukuma pembeni, naandika kwa mkono. Ningetumia mashine ningechapa mara mbili, nakala ya makosa na nakala safi, na wewe ungepewa ile safi. Safari hii utaipata hii hii. Nikikata neno utaona nilichokikata.

Sitakuambia habari za sweta. Mbeya kuna baridi, unajua, na binamu yako si mtu wa kukuacha ugande dukani kwake. Wala sitakuambia habari za kuswali, kula au wanaume. Hayo nimeyasema mpaka siku hizi unanimalizia sentensi. Nina jambo moja tu. Nalitanguliza hapa juu, ili hata nikishindwa kuendelea uwe umelipata: kosa lililokufukuzisha kazi pale kituoni halikuwa lako. Lilikuwa langu. Nililijua tangu siku ile ile, na nikakaa kimya.

Sasa niache nieleze kwa njia yangu, maana sijui njia nyingine.

Nilipoanza kazi ya uchapaji nilikuwa mdogo kuliko ulivyo sasa. Alitufundisha mama mmoja mkali, aliyekuwa akitembea katikati ya meza akisikiliza vidole vyetu. Alikuwa akisema mpiga chapa ana macho na vidole, mdomo anauacha kwao. Maana yake usisome unachokichapa. Hukumu, taarifa ya msiba, barua ya bosi kwa hawara, zote ni herufi tu. Nilikuwa hodari kwa hilo. Ningeweza kukuchapia ukurasa mzima bila kujua umesema nini na bila kosa hata moja.

Wewe ukiwa darasa la pili, ofisini kwetu ikaja amri ya kupunguza wafanyakazi. Orodha ya majina niliichapa mimi. Jina la baba yako lilikuwemo, katikati ya ukurasa. Nikalichapa, nikashuka mstari unaofuata. Wiki mbili nililala kitanda kimoja na mume wangu nikijua, naye ananieleza mipango yake ya kuezeka upya banda la nyuma. Sikusema kitu. Nilijiambia ni siri ya kazi. Orodha ilipobandikwa alirudi nyumbani, akavua viatu, akakaa barazani akiniangalia. Alijua nani kaichapa, maana herufi "e" ya mashine yangu ilikuwa imepinda, na ofisi nzima ilikuwa ikinitania kwa hiyo. Hakuniuliza. Mpaka tunamzika hakuniuliza, na mimi sikumwambia.

Nakueleza hili ujue kwamba si mara yangu ya kwanza. Watu husema mama yako ni mtulivu, hana maneno. Si utulivu, Zuhura. Ni woga, na niliupata nikiwa kazini nikaupa jina zuri.

Baadaye zikaja kompyuta, na sisi wachapaji tukamfuata baba yako kwa mlango ule ule. Walipokuwa wanaondoa vitu chakavu niliomba mashine yangu nikapewa, nikaja kukaa nayo nje ya mahakama nikichapa maombi ya watu na barua za mirathi. Kompyuta nilizichukia. Nikipita dukani nikaiona imewashwa nilikuwa naiangalia kama mke mwenza. Na Mungu alivyo na mambo yake, mtoto wangu mmoja wa pekee akaipenda hiyo hiyo.

Ulikuwa umemaliza kidato cha nne na matokeo hayakukupeleka mbele. Ukaanza kufagia ile intaneti kafe ya karibu na soko kila asubuhi, na malipo yako ni kukaa kwenye kompyuta ya mwisho hadi wateja waje. Ukajifunza kutengeneza kurasa za mtandao. Ukaja kunionyesha ukurasa wenye jina langu kwa rangi nyekundu, nikasema vizuri, ila moyoni nikaona ni mchezo. Ndipo ukaanza kusema kurasa hazitoshi, unataka kujua kinachokaa nyuma yake, kitu unachokiita seva. Nilikuuliza seva ni nini nikitegemea kuchoka kusikiliza. Ukanijibu hivi, nakumbuka neno kwa neno:

"Ni kama masjala, mama. Mtu anakuja dirishani na karatasi yake. Karani anaipokea, anaingia ndani, anatafuta faili, anarudi na jibu. Yule wa dirishani makabati hayaoni. Mimi nataka kumfundisha yule karani."

Tangu siku hiyo nikaacha kuionea wivu kompyuta. Masjala naijua.

Halafu kikaja kitabu. Mjomba wako Selemani alikuwa akipika kwenye kambi ya mafundi wa gesi kule Msimbati, na fundi mmoja kijana wa Kizungu alikuwa nacho chumbani. Selemani, kwa jinsi asivyoweza kunyamaza, akamsimulia habari za mpwa wake anayefagia kafe ili ajifunze. Yule kijana akakitoa kwa muda wa wiki tatu, mpaka zamu yake iishe arudi kwao, na sharti moja: kisivunjwe mgongo. Ulipokiona ulikishika kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Kilikuwa kinene kama tofali la kuchoma, kizima kinaeleza jinsi ya kumfundisha karani wa masjala ile: apokee vipi, atafute vipi, aandike wapi, ajibu nini.

Mwenye mashine ya fotokopi alikigeuza akasema hakilali kwenye kioo bila kupasuka, na umeme wenyewe siku zile ulikuwa unakuja na kuondoka utakavyo. Ukaanza kunakili kwa kalamu. Siku ya tatu kidole kilikuwa kimevimba, na ulikuwa hujamaliza hata sura ya pili. Nikakuambia lete hapa. Sikuwa nasoma Kiingereza cha namna ile, lakini herufi nilizijua zote, na mpiga chapa hahitaji zaidi. Ulilia. Ulinibusu mkono kama siku ya Idi.

Zuhura, zile wiki zilikuwa nzuri kuliko zote tangu baba yako afariki. Asubuhi niko mahakamani, mchana narudi nachapa mpaka vidole vinawaka. Mashine yangu haikuwa na yale mabano ya mawimbi yanayojaa kwenye kitabu kile, basi nilikuwa naacha nafasi, na jioni wewe unakuja na kalamu ya bluu unajaza moja moja. Alama ya dola nayo nilikuwa naitengeneza: napiga S, narudi nyuma, napiga mkwaju juu yake. Ulikuwa unasoma kurasa za siku ile tu, hutaki kuchungulia mbele. Ukielewa kitu unapiga kelele peke yako. Nilikuwa nakuambia kelele za nini, jirani watadhani umeposwa. Ukanijibu afadhali hii.

Zikabaki siku chache. Na siku hizo hizo binti ya shangazi yako kule Mtawanya alikuwa anatolewa unyagoni. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliomfunda, nisingeweza kukosa. Tulikwenda wote wawili. Wewe ukabaki kuwasaidia mapishi, mimi nikarudi mbele yako kumalizia kazi. Nilikuwa nimeshinda siku mbili na wanawake wenzangu tukimwambia yule mtoto namna ya kuishi na watu. Mtu akibisha hodi unasema karibu kabla hujamwona uso. Humuulizi shida yake kabla hajanywa maji. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mambo hayo niliambiwa na mama yangu, nikakuambia wewe, na siku ile yalikuwa bado yanalia masikioni mwangu.

Nikakaa mezani. Sura iliyofuata, kwa mara ya kwanza katika kitabu chote, ilianza kwa Kiingereza chepesi ambacho hata mimi nilikielewa. Nikafanya jambo ambalo mpiga chapa halifanyi: nikasoma. Ilikuwa inamwambia mwanafunzi asimwamini yeyote anayekuja. Kila mtu anayeleta kitu dirishani achukuliwe kuwa mwizi mpaka ithibitike vingine. Nikafunua mbele, kurasa nyingi, yote ni hayo: shuku, kagua, kataa. Nikaona huu ni ubaya wa watu wasiojua majirani zao. Nikasema moyoni, mwanangu simfundishi haya. Yeye si mtoto wa kumfungia mtu mlango.

Na nilikuwa nimechoka. Hilo pia niliandike, nisijifanye nilikuwa na fikra tu. Utepe wa wino ulikuwa umefifia, Selemani alikuwa anakuja kukichukua kitabu kesho yake alasiri, na baada ya sura ile ilikuwepo nyingine fupi yenye picha, ya namna ya kutuma barua kutoka kwenye tovuti. Nikaona hii ya barua itamfurahisha. Nikairuka ile.

Kama ningeishia hapo ningekuwa na kosa dogo. Lakini ninapenda kazi yangu ionekane safi, unanijua. Nikazipa kurasa za sura ya barua namba zinazofuata, kana kwamba hakuna kilichopita katikati. Ukurasa wa yaliyomo huwa nauchapa mwisho. Nikauchapa bila sura ile, na zilizobaki nikazipa namba mpya. Nikajaza mabano kwa kalamu yako ya bluu, nikayatoboa makaratasi, nikayafunga kwa uzi. Uliporudi kutoka Mtawanya kitabu kilikuwa kimeshakwenda Msimbati na nakala yako iko mezani. Uliikumbatia. Ukasema hakuna mwanafunzi mwenye kitabu kizuri kama chako, na mimi nikacheka nikafurahi.

Yaliyofuata unayajua, lakini niache niyaandike kama nilivyoyaona mimi.

Ulijifunza. Mwaka mzima na zaidi, kwenye ile kompyuta ya mwisho, ukamfundisha karani wako. Kituo kile cha ushauri kikasikia habari zako. Wao walikuwa wanawapa dawa watu wenye virusi vya Ukimwi, na walitaka daftari la wagonjwa liwe kwenye mtandao ili ofisi ya hapa na ya Dar es Salaam zione kitu kimoja. Wakakuajiri. Siku ya mshahara wa kwanza ulininunulia utepe mpya wa wino. Nilikuwa napita Shangani jioni na wenzangu wananiuliza hali ya mhandisi wangu, nami nasema hajambo, kana kwamba ni jambo la kawaida.

Mfanyakazi wa kituo alikuwa anaandika namba ya kadi kwenye kisanduku, na seva inamletea mgonjwa mmoja, jina lake na tarehe yake ya dawa. Ulinionyesha, nikaielewa. Kisha akatokea kijana mmoja hapo hapo mjini, anajua hila za kompyuta, badala ya namba akaandika maneno na alama zake. Karani wako, aliyefundishwa kupokea kila kitu kwa moyo mweupe, akafungua makabati yote. Majina yote yakatoka. Yakachapwa. Ilipofika Ijumaa karatasi zilikuwa sokoni.

Siku uliyoitwa ofisini nilikusindikiza, nikakaa kwenye benchi la nje, dirisha likiwa wazi. Walikuwa wamemleta fundi kutoka Dar. Alikuuliza kwa upole ulijifunza wapi, ukataja kitabu. Akasema mimi nimesoma hicho hicho, humo ndani mna sura nzima ya kuzuia jambo hili. Ukasema hamna. Ukatoa nakala yangu kwenye mfuko. Nikasikia anafunua kurasa, polepole, halafu akasema namba hazijakatika, hakuna ukurasa uliopotea. Mkurugenzi akauliza maana yake nini. Fundi akajibu kwamba hajui, labda binti hakusoma na sasa anatafuta pa kujifichia.

Mpaka neno hilo, Zuhura, nilikuwa sijajua. Nakuapia. Hapo ndipo nilipojua sura ile ilikuwa ya nini. Mlango ulikuwa hatua tatu kutoka kwenye benchi. Nilijua pia ni namba zangu ndizo zilizokufanya uonekane mwongo. Nikaangalia mikono yangu. Nikakaa.

Kuna jambo linaloniuma hata zaidi, kwa sababu nilikuwa na elimu hiyo miaka yote. Masjala hatukumpa mtu faili kwa kuwa ameomba vizuri. Tulitazama sahihi, tulitazama muhuri, tuliuliza ametumwa na nani, na mtu huyo huyo saa kumi tukikutana naye barazani tunamkaribisha chai. Hakuna aliyeona ubaya. Ulinieleza mwenyewe kwamba seva ni masjala, na mimi siku ya kuamua nikaifanya baraza.

Halafu Mwalimu Adelina. Jina lake lilikuwa kwenye karatasi zile, na unajua alivyofanyiwa. Mwanamke aliyewafundisha kusoma nusu ya watoto wa mtaa huu, wazazi wakaanza kuwatoa watoto darasani kwake. Akaomba uhamisho kurudi kwao Songea. Ulisema lazima uende kumwomba radhi kabla hajaondoka, nikakufuata. Alikuwa anafunga masanduku. Hakukufukuza. Alikuandalia kiti.

"Zuhura, wewe ulikuwa mtoto makini," akasema. "Ilikuwaje?"

"Sikujua, Mwalimu. Kitabu changu hakikuniambia."

Akatikisa kichwa. Akasema, "Wote wanasema kinaeleza, mwanangu. Kama ulipitiwa, sema ulipitiwa. Hilo naweza kulisamehe."

Ukaniangalia mimi. Sijui kama unakumbuka. Uliniangalia kama mtoto anavyomwangalia mama yake anapokuwa hana shahidi mwingine. Ulikuwa hujui kitu. Ulitaka tu niseme mwanangu si mwongo. Na mimi nilikuwa na ushahidi wote. Nikasema Mwalimu, Mungu atakufanyia wepesi. Hayo ndiyo niliyosema. Ukainamisha kichwa, ukamwambia ulipitiwa.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini mimi sikuchelea kilio chako, nilichelea changu. Nilijua ukijua utaniangalia kama baba yako alivyoniangalia pale barazani, na nilimwogopa huyo mtu wa pili kuniangalia hivyo kuliko nilivyokuogopea wewe. Wewe ndiwe niliyebaki naye. Nilikuacha uchafuke ili niendelee kuwa mama yako mzuri.

Wiki zile ulikuwa unakaa sakafuni na nakala yangu unaipekua ukurasa kwa ukurasa, unatafuta mahali ulipopitiwa. Nilikuwa nakuona nikiwa jikoni. Siku moja ulisema, bila hasira, "Labda niliisoma nikasahau, mama. Labda kichwa changu ndivyo kilivyo." Nikakuambia njoo ule kwanza. Tangu hapo ukaacha kupekua. Ukaacha na kompyuta. Ukaacha kupita njia ya soko. Halafu ukaja kuniambia binamu yako wa Mbeya anahitaji mtu wa kukata vitambaa, kazi isiyotaka akili nyingi, na ulivyolisema neno hilo nikatoka nje.

Sina mengi ya kukuusia. Ningekuwa mtu wa kuusia, usingekuwa unaondoka. Nimejifunza mambo machache kwa gharama yako. La kwanza, mtu akikuficha kitu kwa sababu anakupenda, bado amekuficha, na upendo wake haukulindi na lile lililofichwa. La pili, kazi inayoonekana safi mno iulize maswali, hata ikiwa imetoka kwa mama yako. Nilitaka kuongeza la tatu, nimelikata hapo, kwa kuwa lilikuwa la kujitetea.

Na usije ukasema kwa ajili yangu kwamba huna kichwa. Karani uliyemfundisha alifanya kila ulichofundishwa wewe, bila kosa. Aliyekosa ni aliyekupimia elimu akakupunguzia.

Ninayoweza kufanya nimeyafanya leo asubuhi, ulipodhani nimekwenda mahakamani. Nilikwenda kituoni. Mkurugenzi alinipokea akidhani nimekuja kukuombea barua ya sifa. Nikamweleza yote, kuanzia Mtawanya mpaka benchi la nje. Akaniuliza kwa nini sasa. Nikamwambia kwa sababu kesho mwanangu anaondoka. Akataka maandishi, nilikuwa nimeyachapa, yana jina langu na sahihi yangu. Akayaweka mezani akasema atawasomea wenzake. Hakuniahidi kitu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeniona kwa mara ya kwanza na hapendi anachokiona, na ana haki. Mwalimu Adelina nimemwandikia kupitia parokia ya kwao, sijui kama itamfika, sijui kama ataifungua. Sikumwomba radhi kwa niaba yako. Nimemwambia hukupitiwa.

Sura yenyewe siwezi kukupa. Kitabu kimekwenda na mwenyewe, na Selemani hajui hata jina la mji wake. Nimejaribu kukumbuka kurasa zile, nikapata sentensi ile ya kwanza tu.

Nilikuwa nimepanga kuificha barua hii kwenye begi lako, chini ya vitenge. Ungeikuta ukitafuta nguo ya kubadilisha, umeshavuka Rufiji, huwezi kurudi wala kuniuliza. Nilipofika hapa kwenye karatasi ndipo nilipoona ninachokifanya. Nilikuwa najipangia tena nisiwepo ukijua.

Wewe huyo, nakusikia unaitikia salamu za jirani pale nje, na sauti yako ni ya mtu aliyelia kwa shangazi yake. Nitakupa mkononi ukiingia. Nitawasha taa nikae mbele yako mpaka umalize, na unachotaka kuniuliza uniulize, hata kile ambacho baba yako hakuniuliza. Basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri. Ukitaka nikusindikize, niamshe. Usipotaka, nitasikia mlango ukifunguka na kufungwa, nami sitatoka.

Mama yako